Seti ya kukagua meno nyumbani: kioo weka, kulabu tupa

Seti hizi zinafanana karibu zote, muuzaji awe nani: kioo kidogo cha mviringo chenye mpini, kulabu moja au mbili za ncha kali, kikwangulio cha ugaga (ukoga uliokauka ukawa mgumu), kibanio, na mara nyingine vidonge vya kuupaka rangi ukoga, yaani utando laini wa bakteria juu ya meno. Boksi huahidi kwamba utaligundua jino likiwa ndiyo kwanza linaanza kuoza. Ahadi hiyo ni kweli nusu. Kati ya vyote vilivyomo, kioo peke yake ndicho kinachofanya kazi hiyo, nacho kinahitaji kisaidiwe na shashi kavu ambayo kwa kawaida haimo.

Kuoza hakuanzi na tundu. Bakteria wa kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli, yaani lile ganda gumu la jino, huanza kupoteza madini. Upotevu huo hutangulia chini kidogo ya uso, uso wenyewe ukiwa bado haujabomoka. Kwa nje utaona doa jeupe lililofifia kama chaki, basi. Jino likiwa limelowa, doa changa hujificha, maana maji yamejaa kwenye vinyweleo vya enameli na mwanga unapita bila kutawanyika sana. Kausha jino: hewa inashika nafasi ya maji, doa linajitokeza. Ndiyo sababu daktari wa meno hupuliza hewa kwa sekunde tano hivi kabla ya kusema lolote. Doa linaloonekana baada ya kukausha tu bado ni changa. Linaloonekana hata jino likiwa na mate limeshazama zaidi.

Sasa kioo chenyewe. Kipenyo cha milimita 22 hadi 24 kinamtosha mtu mzima. Kikubwa cha kuangalia ni upande uliopakwa rangi ya kuakisi. Gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo: ncha na taswira yake zikikutana, kimepakwa mbele, na hicho ndicho kizuri. Ukiona mwanya kati yao, kimepakwa nyuma, nacho hutoa taswira mbili zilizopandana. Ukingo wa doa dogo utakupotea humo humo. Vioo vingi vya seti za bei nafuu ni vya aina hii ya pili. Vinafaa kwa kutazama kwa jumla, havifai kwa doa la milimita moja. Ukungu hauna tabu: kitumbukize kwenye maji ya vuguvugu, kikung'ute, kisha kitumie mara moja. Kinachoviua vioo hivi ni gundi ya ukingoni. Ikiachia, maji hupenya nyuma na rangi huanza kupata mabaka meusi, kwa hiyo usikichemshe isipokuwa maelezo yake yanaruhusu.

Kukagua kwenye meno machafu ni kazi bure, kwa kuwa ukoga hulifunika doa. Piga mswaki, pitisha uzi kati ya meno, kisha vuta shavu kwa kidole na ufute meno kwa shashi, mawili matatu kwa wakati mmoja. Tumia mwanga mweupe. Taa ya manjano hulimeza doa jeupe. Anza pale jino linapoingia kwenye ufizi, hasa upande wa shavuni wa magego ya juu, ambako mswaki hupita kwa haraka. Kisha tazama mifereji ya juu ya magego na kingo za meno yaliyozibwa. Kivuli cha kijivu kinachoonekana kupitia enameli ambayo kwa nje ni nzima ni ishara mbaya kuliko doa jeupe: ndani kumeshalika.

Si kila doa jeupe ni kuoza. La kuoza hukaa palipokuwa na ukoga, mara nyingi kama upinde unaofuata ukingo wa ufizi. Madoa ya floraidi iliyozidi utotoni huja kwa jozi, jino la kulia na mwenzake wa kushoto, yakiwa na mistari au mawingu yasiyo na mpaka dhahiri. Kipande chenye mpaka wazi, cha rangi ya maziwa au manjano, kwenye gego la kwanza la kudumu la mtoto huweza kuwa enameli iliyoumbika dhaifu tangu mwanzo. Hilo nalo linahitaji daktari, ila sababu yake ni nyingine. Utazame pia mng'ao: doa lililofifia na lenye kukwaruza bado linaendelea, lililo laini na linalong'aa, hata likiwa la kahawia, kwa kawaida limesimama.

Kulabu ndiyo aibu ya seti nzima. Zamani ncha ilichomekwa kwenye mfereji wa gego, ikinasa jino likahesabiwa limeoza. Siku hizi wataalamu wameiacha njia hiyo: ncha kali inaweza kuvunja ule uso mwembamba uliobaki juu ya doa, na pale palipoweza kupona pakawa tundu la kweli. Isitoshe, ncha hunasa hata kwenye mfereji mzima uliobana tu. Madaktari wanaogusa hutumia kifaa chenye kijipira cha nusu milimita, tena bila kusukuma. Kikwangulio nacho kiache. Mkono usiozoea huchana ufizi na kukwaruza jino.

Vidonge vya rangi ni vizuri, mradi ujue vinaonyesha nini. Vinaonyesha ukoga, havionyeshi kuoza. Vile vya rangi mbili huufanya ukoga mpya kuwa waridi na wa zamani kuwa buluu au zambarau. Sehemu inayorudi kuwa buluu kila mara ndiyo ya kupeleka kioo kwanza. Paka midomo mafuta mazito kabla ya kutafuna, la sivyo itabaki na rangi kwa saa kadhaa.

Kuna mahali seti yoyote haifiki: katikati ya meno, chini kidogo ya pale yanapogusana. Huko kuoza hujificha hadi ipigwe eksirei ya kung'ata, ile ambayo mgonjwa hung'ata kishikio cha filamu meno ya juu na ya chini yapigwe picha pamoja. Uzi unaochanika kila mara mahali pamoja, chakula kilichoanza kunasa pasipokuwa kikinasa, au jino kuuma kwa kitu kitamu ni sababu za kuipiga, ingawa ugaga au kizibo kilichochongoka pia huchana uzi. Maumivu ya baridi yanayoendelea baada ya baridi kuondoka si dalili ya mapema tena.

Ukiona doa la chaki, tumia dawa ya meno yenye floraidi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1350 hadi 1500 mara mbili kwa siku, mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala, uteme bila kusukutua, na upunguze idadi ya nyakati unazokula sukari. Daktari anaweza kuongeza vanishi ya floraidi, yaani floraidi nzito ya kupakwa juu ya jino. Kama kioo kilichopakwa mbele kinauzwa peke yake, nunua hicho na pakiti ya shashi, seti uiache dukani.