Shotgani ya kulinda nyumba ukiwa Tabora: ipi ununue, na uizoeeje

Usiku mmoja wa kiangazi, saa tisa, geti letu la Kiloleni liligongwa kwa ngumi. Umeme ulikuwa umekatika. Nilitoka chumbani na bunduki ya marehemu baba, risasi mbili ndani, kidole kikiwa nje ya triga, namshukuru Mungu. Aliyekuwa anagonga ni shemeji. Treni kutoka Dar ilikuwa imechelewa, simu yake imezima chaji, na akaona aibu kuita kwa sauti asije akaamsha mtaa. Tangu usiku ule, mtu akiniuliza anunue shotgani gani, swali langu la kwanza ni kama ana tochi.

Siulizi kwa mzaha. Ukiwa na tochi kali huna bunduki, utamwona mtu na kuamua. Ukiwa na bunduki huna tochi, unabahatisha, na marisau (vile vigololi vilivyojazwa ndani ya risasi) yakishatoka hayarudi. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye orodha yangu, hela ya kwanza iende kwenye mlango wa maana na komeo lake, ya pili kwenye taa za sola za nje, ya tatu kwa mbwa anayebweka. Halafu zoeana na majirani. Sungusungu walianzia huku kwetu Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo filimbi ya jirani hufika haraka kuliko kitu kingine chochote.

Kama vyote hivyo unavyo na bado unataka bunduki, kuna suala la leseni. Silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Safari yako itaanzia serikali ya mtaa au kijiji, wanakokujua kama ni mlevi au mgomvi, ipande mpaka polisi. Usinunue chochote kabla ya kibali. Na usishawishike na bunduki ya bei chee inayosemekana imetoka mpakani, huko Kigoma. Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo wameteseka miaka mingi na silaha za aina hiyo, mabasi yakisindikizwa na askari. Ukikutwa nayo, hakuna atakayekusikiliza ukisema ilikuwa ya kulinda nyumba. Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Jina lililoandikwa ni lako, kwa hiyo ukisafiri kwenda Urambo kununua tumbaku, bunduki haibaki kwa kijana wa dukani.

Sasa hizo namba. Mwenye duka atakuambia "namba 12" au "namba 20", na mtu hudhani 20 ndiyo kubwa. Ni kinyume. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe mafungu 12 sawasawa, kila fungu lifinyange liwe gololi. Gololi hiyo ndiyo inayoenea kwenye mtutu wa namba 12, kama milimita 18.5. Ukigawa mafungu 20, gololi inakuwa ndogo, kama 15.6. Namba 12 ndiyo ninayoishauri, si kwa ukali wake bali kwa sababu risasi zake ndizo rahisi kupatikana. Namba 20 ina teke dogo na ni nzuri sana kwa mtu mwembamba, ila hakikisha kwanza unajua utazinunua wapi. Na ukiwa na zote mbili ndani ya nyumba, kuwa makini mno. Risasi ya namba 20 ikiingizwa kwenye mtutu wa namba 12 huteleza na kukwama mbele. Mtu anadhani chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasukia mkononi. Ndiyo maana ganda la namba 20 hutengenezwa la njano.

Ninavyozipanga mimi ni hivi.

Ya kwanza ni ya midomo miwili. Najua vijana watanicheka, maana kwenye filamu hakuna anayebeba bunduki ya babu. Lakini fikiria mmiliki wa kawaida wa hapa: ana duka la mchele au anakusanya asali, anapiga risasi labda mara mbili kwa mwaka. Bunduki ya midomo miwili unaivunja shingo, yaani unaikunja kwenye bawaba mitutu iiname, na papo hapo unaona kama ina kitu au haina. Risasi moja ikikataa, unavuta triga ya pili. Haina magazini ya kukwama wala chemchemi ya magazini ya kuchoka, na vumbi la Agosti haliisumbui. Kasoro yake ni risasi mbili tu, basi. Kwa nyumba yenye mlango mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, sijaona hiyo kama kasoro kubwa.

Nyingi za aina hii utazikuta zimetumika, kwa hiyo jifunze kuzikagua. Fungua, tazama ndani ya mitutu ukielekeza kwenye mwanga: uwe kama kioo, bila vishimo vya kutu wala bonde. Ifunge, ishike kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, itikise. Ikicheza kwenye bawaba, achana nayo. Kama mitutu ina michoro ya mawimbimawimbi ndani ya chuma chenyewe, hiyo ni ya kusokotwa, ya zama za baruti nyeusi. Itundike ukutani kama ukumbusho (nayo inahitaji karatasi zake), lakini usiipige risasi za leo. Angalia pia urefu wa chemba uliogongwa chini ya mtutu. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza ni milimita 65, na risasi nyingi za sasa ni 70. Ya 70 itaingia bila shida yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ganda likifunguka halina nafasi na presha inapanda kupita kiasi. Mwisho, soma namba ya usajili iliyochongwa kwenye chuma, uilinganishe na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Mimi niliwahi kukaribia kutoa hela kwa bunduki ambayo 3 yake ilikuwa imegeuzwa 8.

Ya pili ni ya pampu, ile unayovuta mshikio wa chini ya mtutu kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Remington 870 imekuwepo tangu 1950, Mossberg 500 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na siku hizi kuna za Uturuki za bei nafuu zaidi. Ni bunduki nzuri, inabeba risasi nne, tano au zaidi. Kwa nini basi sijaiweka juu? Kwa sababu ya hofu. Mtu akiogopa, mkono wake huvuta pampu nusu, haufiki mwisho, na ganda linabaki limekwama njiani. Anayefanya mazoezi kila mwezi hana tatizo hili, na kama ni wewe, igeuze orodha yangu, weka pampu ya kwanza. Halafu kuna ule usemi kwamba ukikoki tu, mwizi akisikia mlio anakimbia. Anaweza kukimbia. Anaweza pia kujua ulipo.

Ya tatu ni ya mtutu mmoja, mfano zile za Baikal za Urusi. Ni rahisi, ngumu, haiharibiki. Tatizo ni wepesi wake. Bunduki nyepesi ya namba 12 inapiga teke kama punda, na mtu aliyeumia bega mara moja huanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Kwa mkulima wa Sikonge mwenye fedha kidogo bado ni chaguo la heshima.

Ya nne ni inayojijaza yenyewe. Tamu begani, ghali mfukoni, inataka usafi na risasi inazozipenda. Sioni sababu.

Gobore silipangi kabisa. Ni silaha kama nyingine mbele ya sheria, na nani anataka kuweka baruti chini ya kitanda? Mtemi Isike, Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake hapa Tabora, alilipua ghala la baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa mzima. Yeye alikuwa na sababu.

Kabla hujalipa, jaribu ukubwa. Weka kitako kwenye kiwiko ulichokikunja. Kidole kifike kwenye triga bila kunyoosha bega. Bunduki ndefu kupita mkono wako itakwama kwenye shati kila unapoipandisha. Bei ya bunduki pia ni nusu ya bei. Ongeza kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, vizibo vya masikio, mafuta, na boksi kadhaa za risasi za mazoezi ndani ya idadi ambayo kibali chako kinaruhusu. Kama hela inaishia kwenye bunduki, subiri msimu mwingine.

Mazoezi ndiyo sehemu ambayo watu huiruka. Wananunua, wanapiga moja hewani kwenye harusi (kosa hilo, na marisau huangukia bati la mtu), wanaifungia kabatini miaka sita. Anza bila risasi. Risasi halisi zote ziwe chumba kingine, umezikagua kwa jicho na kwa kidole, halafu nunua mbili bandia. Dakika kumi, mara mbili kwa wiki: ipandishe, shavu liguse mti wa kitako kila mara mahali palepale, sefti (kizuizi cha triga) itoke, kidole kibaki nje mpaka umeamua. Fungua, toa, jaza, funga. Fanya hivyo gizani, tochi ikiwa mkono wa kushoto. Mdomo wa bunduki usielekee kamwe upande wa chumba cha watoto, hata ikiwa tupu.

Kwa risasi za kweli, waulize polisi wa wilaya ni wapi panaruhusiwa. Usiende porini kwa siri. Misitu yetu ya miombo ina warina asali wasioonekana. Ukifika, tundika karatasi kubwa, piga moja ukiwa mita 5, nyingine mita 7, nyingine 10, uhesabu matundu. Hapo utaachana na uongo kwamba shotgani haihitaji kulenga kwa sababu inamwaga. Kwa umbali wa sebule, marisau mengi huingia eneo lisilozidi kiganja. Ukikosa, umekosa yote pamoja.

Na marisau yanayokosa yanakwenda mahali. Yale makubwa, yaliyoandikwa SG au 00 kwenye boksi, kila chembe kama milimita 8.4, hupita dari ya jipsamu, mlango wa mbao laini na ukuta wa plaiwudi bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo panga leo utasimama wapi. Mimi nimechagua chumba kimoja: familia yote inaingia, mlango unafungwa, mke wangu anapiga 112, nami napaza sauti kwamba nina silaha na polisi wanakuja. Sizunguki nyumbani kutafuta mtu. Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujilinda, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu, na mtu anayekimbia na televisheni hajaribu kukuua. Muache aende nayo.

Masikio nayo ni ya kulindwa. Mlio wa namba 12 unapita desibeli 140. Shamba la wazi linaumiza, chumba cha mita tatu kwa nne ni balaa.

Kuhusu utunzaji nina mawili tu. Jamaa mmoja wa Ujiji alipaka mtutu mawese kwa kuwa ndiyo mafuta yaliyokuwa karibu. Ndani ya miezi michache yaliganda kama gundi. Tumia mafuta ya bunduki au ya cherehani, hasa mvua zinapoanza Novemba. Na kabla ya kujaza, kila mara tazama ndani ya mtutu. Nyigu wanaofinyanga udongo wanapenda sana tundu la ukubwa ule, na mtutu ulioziba hupasuka.

Shemeji bado anakuja kwa treni. Siku hizi hubeba chaja ya akiba, na akifika Itigi hupiga simu.