TAHADHARI: Hakuna lewisia ya bluu, ni wino! Msitoe hela yenu

Jamani, yule mzee anayeuza lewisia (ua dogo la kwenye miamba) soko la Jumapili hapa Glasgow, lile la watu kuuza vitu kwenye buti za magari, mzungu anayeongea Kiswahili safi, ni TAPELI. Narudia, tapeli. Kama umeshamwachia hela, hata pauni tano za kukushikia mche, mdai leo leo. Kama bado, soma kwanza. Nitaeleza yote, hata ya kuchekesha, maana Baba Neema keshanicheka vya kutosha, sidhani kama mtamzidi.

Nina ukuta wa mawe nyuma ya nyumba. Nilitaka ua la bluu pale.

Kwanza sikwenda kununua maua. Nilikwenda kumtafutia Mama Kelvin vikombe vyake. Napita zangu, nasikia nyuma yangu, "Dada, mbona unapita kama hatujuani?" Kwa Kiswahili. Si kile cha watalii, Kiswahili cha mtu aliyegombana na makonda. Nageuka, mzungu mzee amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai, mezani kwake makopo ya miche yamepangwa vizuri. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kusita, halafu akanisalimia Kichaga. Kichaga! Glasgow, mvua inanyunya, natetemeka kwa baridi ya Mei! Niambieni ni nani kati yenu angeendelea kutembea.

Akasema zamani alifundisha Moshi. Akaanza kunisimulia Kilimanjaro, jinsi lobelia kubwa za kule juu zinavyokunja majani usiku ili katikati ya mmea pasigande, na yale madendrosenesio, mimea mirefu kama miti, yanavyobaki na majani makavu yamelivika shina lisife kwa baridi. Mimi ni mtoto wa Marangu, mlima nimeuona kila asubuhi ya utoto wangu, na sijawahi kupanda hata hadi kibanda cha kwanza. Nimesimama pale mzungu ananifundisha mlima wa kwetu, mimi naitikia tu, eeh, eeh.

Kutoka hapo akahamia lewisia. Akaniambia jina limetokana na Meriwether Lewis, yule Mmarekani aliyevuka bara na mwenzake Clark, kwamba mwaka 1806 aliuchuma mmea mmoja wa jamii hiyo kule Montana, ukakaushwa, na baada ya muda mrefu ukapandwa ukachipua tena, ndiyo maana wakauita rediviva, uliofufuka. Akasema hii anayouza yeye ni aina iitwayo kotiledoni, ya milima iliyo mpakani mwa California na Oregon, inaota kwenye nyufa za miamba. Nilipofika nyumbani nikayakagua maneno yake. YOTE NI KWELI. Hicho ndicho kinachonikera kuliko hela. Kila alichosema yule mzee ni kweli isipokuwa kile alichokuwa anauza. Angekuwa mjinga mjinga ningemshtukia. Mtu anakujibu swali la udongo sawasawa, la jua sawasawa, la msimu sawasawa, utaanzaje kumtilia shaka kwenye rangi?

Maana nilimuuliza, jamani. Nilimwambia, mzee, mimi nimeona lewisia za pinki, za rangi ya chungwa, za njano, nyeupe, ile bustani ya mimea ya Edinburgh wanazo. Bluu sijaona. Hakushtuka hata kidogo. Akainama chini ya meza taratibu, akatoa kopo lililofunikwa gazeti, akalifunua mbele ya macho yangu. Bluu. Bluu ya khanga mpya. Petali zote, hadi kwenye kikonyo. Akasema, "Hii siiweki mezani. Naiweka kwa ajili ya mtu anayejua." Anayejua! Ndiyo mimi huyo.

Nikanyoosha mkono niguse. Akanishika kiganja kwa upole, kama babu, akasema petali za bluu haziwezi jasho la mkono, zinaungua. Nikarudisha mkono wangu. NIKAOMBA NA RADHI.

Wakati huohuo akatokea mama mmoja wa kizungu mwenye kikapu, akasimama pembeni yangu, akaanza, oh, hizi nilinunua kwake mwaka jana, mpaka leo zinachanua, jirani zangu wote wananionea wivu. Kumbe baadaye, naondoka, namwona yuleyule mama amekaa nyuma ya gari la mzee wanakunywa chai ya chupa moja. Nikajisemea labda wamefahamiana kwa kununuziana. Yaani akili ya mtu aliyeshalipa hutafuta sababu yenyewe.

Bei alianza pauni 20 kila kopo. Nikamwambia babu, bei ya Wachaga hiyo, punguza. Akacheka, akasema chukua matatu kwa 54. Nikajiona mjanja. Nimempunguzia mzungu bei kwa Kiswahili, nikafungiwa makopo yangu matatu kwenye gazeti na mfuko wa plastiki, nikaambiwa nisifungue njiani, upepo utayachoma. Nikayapakata kwenye basi hadi nyumbani.

Siku hiyohiyo nikapanda. Na nilipanda vizuri, hilo asiniambie mtu. Kwenye nyufa za ukuta, mmea umelala ubavu ili maji yasituame katikati ya majani, udongo wenye kokoto nyingi na mboji kidogo, shingoni nikazungushia kokoto tupu. Upande wa mashariki, jua la asubuhi. Kila kitu kama inavyotakiwa. Nikapiga picha, wengine wenu mliziona, Zainabu ukaniandikia "hongera dada, ukuta umependeza". Zainabu, zile pongezi zirudishe.

Usiku mvua ikanyesha, mvua ya hapa mnaijua. Asubuhi natoka na kikombe cha chai, naona mistari ya bluu inateremka kwenye mawe. Mistari, hadi chini kwenye saruji. Nikadhani Neema amemwaga rangi zake. Nasogea, ua la kwanza limebaki jeupe lenye madoa ya bluu pembeni. Nikaligusa, kidole bluu. La pili hivyohivyo, na nilipojaribu kulisawazisha likaja lote mkononi. Halina mizizi. Shingo imeoza, kahawia, laini, inanuka, amekata kichwa cha mmea uliokufa akakichomeka kwenye kokoto. Na la tatu kichwa kitupu vilevile. Kwenye makopo alizishika kokoto za juu kwa gundi, ndiyo maana niliposhika kopo mezani kwake halikucheza kitu. Mimi nilipozing'oa zile kokoto wakati wa kupanda nikadhani ni mtindo wake wa kuzuia konokono.

Baba Neema akatoka, akatazama ukuta, akatazama kidole changu, akauliza, "Umepiga kura?"

Jumapili iliyofuata nikarudi. Hayupo. Wanaouza jirani yake wanasema hana sehemu maalumu, huja anapotaka. Risiti sina, nililipa taslimu. Mtu wa ushauri wa wateja niliyempigia simu akaniambia sheria ya wateja ya 2015 inataka bidhaa ifanane na ilivyoelezwa, na una siku 30 za kuirudisha udai hela yako yote. Sawa. Namrudishia nani? Napeleka malalamiko kwa anwani ya turubai? Nimeripoti halmashauri hata hivyo, na wewe uliyeibiwa ripoti, maana mmoja akilalamika ni kelele, tukiwa kumi ni faili.

Mtu kama huyu angekamatwa kule nyumbani sokoni Mwika angeondoka na makopo yake kichwani. Hapa ataandikiwa barua. Mimi barua haijanitosha. Mimi nataka apigwe faini, azuiwe masoko yote ya Jumapili kuanzia hapa hadi Aberdeen, na kila Jumapili asimamishwe mlangoni na ndoo ya maji achovye maua yake mbele ya wateja. Na yule mama wa kikapu naye asiachwe, yeye ni mbaya zaidi, mzee angalau anafanya kazi ya kupaka rangi.

Mama Kelvin kaniuliza ningejuaje. Mambo ni haya, nayaandika kama ninavyoyakumbuka. Tumba ambazo hazijafunguka. Hizi ndizo zilinipita. Ua limekuwa bluu lakini tumba zilizo chini yake nyeupe, na hata ile ya kwanza, moja pekee iliyobaki hai, kila ua jipya linalofunguka sasa ni jeupe kabisa, hana namna ya kupaka ndani ya tumba. Kikonyo kuwa na rangi ileile ya petali, hiyo pia. Kukatazwa kugusa. Ua la kawaida haliungui kwa kidole, limeota kwenye mwamba linapigwa na mvua ya mawe! Kokoto zisizocheza. Mwambie muuzaji autoe mmea kwenye kopo uone mizizi, lewisia ina mzizi mnene wenye nyama, akikataa ondoka. Kopo halikuwa na kibandiko chochote. Na yale mengine nimesahau kwa hasira, nikikumbuka nitaongeza.

Halafu nasikia sasa anapokea oda kwa simu na kutuma kwa posta. Basi hapo ana kesi nyingine. Akikuuzia sokoni mkono kwa mkono halazimiki, lakini mmea wa kupanda ukiagizwa kwa simu au mtandaoni ukatumwa, sheria ya hapa inataka uwe na pasipoti ya mimea, kikaratasi chenye namba ya usajili wa muuzaji. Mwombeni hiyo pasipoti. Mwombeni kwa Kichaga.

Kwa wale mnaoniuliza kisirisiri kama lewisia yenyewe inafaa: inafaa, ni ua zuri, msiliache kwa ajili ya mwizi. Baridi ya hapa si tatizo lake, tatizo ni maji ya msimu wa baridi yanayokaa kwenye shingo. Mzee mmoja wa chama cha bustani za mawe cha Scotland alikuja kuuona ukuta wangu (alicheka pia, lakini kwa adabu) akaniambia zake anaziwekea kipande cha kioo juu kuanzia Oktoba, pande ziwe wazi hewa ipite. Majani yaliyokufa yatolewe kwa mkono, ukiyaacha yanaleta kuoza. Ikimaliza kuchanua punguza maji. Vichipukizi vya pembeni unavikata kiangazi, unaacha kidonda kikauke, unapanda kwenye mchanga mkavumkavu. Ukipanda mbegu, mbegu zipite kwenye baridi kwanza, na usitegemee rangi ya mama yake, hutoka mchanganyiko. Chama chao kina mpango wa kugawana mbegu kila mwaka, kwa wanachama. Nimeshajiunga. Pauni 54 zangu zingenilipia mbegu za kujaza ukuta mzima.

Ile moja iliyopona nimeipandikiza juu kidogo ya pale ilipokuwa. Mawe bado yana bluu, nimesugua na brashi, nimetia siki, haitoki. Anayejua dawa ya kutoa wino kwenye jiwe la mchanga aniandikie. Na anayemwona yule mzee, popote, usimgombeze, usimwambie unanijua, nipigie tu simu nije.