Tathmini ya eCitizen: Huduma Niliyoifahamu Kupitia TikTok
Ingawa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilizinduliwa mwaka 2014, mimi niliielewa majuzi tu, baada ya kijana mmoja wa Nairobi kueleza kwenye TikTok, hatua kwa hatua, namna ya kuomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Nilijaza fomu nikiwa ndani ya matatu, nikalipa kwa M-Pesa kupitia nambari ya Paybill 222222, ikabaki safari moja tu ya kuchukuliwa alama za vidole. Ada huonekana wazi, tofauti na wauzaji wa viatu mitandaoni wanaojibu kila swali la bei kwa "njoo inbox", tabia inayoniudhi mno. Kwa wasiozoea Kiingereza cha ofisini, wafafanuzi wa TikTok kama kijana huyo ndio wakalimani, japo matapeli wenye viungo bandia hujipenyeza papo hapo kwenye maoni ya video zao.