Gazeti letu la wiki na orodha yake ya madiwani: nimelisoma lote, haya ndo maoni yangu

Wakuu habari za Jumapili. Mi nina saluni ya kiume hapa Mwanza, huku mlimani, mwaka wa tisa sasa, na kila Ijumaa nanunua lile gazeti letu la wiki maana wateja wakiwa wanasubiri zamu lazima wawe na kitu mkononi. Buku moja tu, linakaa kwenye benchi mpaka linachanika. Jina silitaji, wa Mwanza mtalijua wenyewe, mnaliona kwa wauza magazeti pale mjini limebanwa na mawe lisipeperuke. Kwa hiyo haya maoni ni ya mteja wa siku nyingi, sina ugomvi na mtu pale na nisingependa life.

Toleo la juzi Ijumaa ndo la mwisho kabla ya Jumatano tarehe 28 Oktoba 2020 tunapiga kura, na wametoa kitu ambacho magazeti yetu hayana mazoea nacho sana, wamechukua kurasa tatu wakaorodhesha wagombea udiwani na kusema wazi huyu tunampendekeza, yule hapana. Nilipoona kichwa cha habari nilifurahi sana kwa kweli. Urais kila mtu anaongea, kuna wagombea 15 na redio zinawataja asubuhi mpaka usiku, ila diwani ambaye ndo atakaa na ada yangu ya taka na ushuru wa soko miaka mitano hakuna anayemchambua. Nikasema leo buku yangu imerudi na chenji.

Nikasoma. Nikasoma tena jioni baada ya kufunga. Kwa nyota tano nawapa mbili, na hizo mbili nitasema wamezipata wapi.

Kwanza kuna kosa ambalo gazeti la hapa hapa halikutakiwa kulifanya. Orodha inaitwa ya Jiji la Mwanza halafu ndani wameweka Kirumba, Kitangiri na Nyamanoro. Jamani, Ilemela ina halmashauri yake, ni manispaa tangu 2012, ina baraza lake na meya wake, na ushuru wa dagaa wa pale Mwaloni Kirumba unaingia Ilemela hauingii jiji. Jiji ni Nyamagana, kata 18. Mtu anaweza kuona ni kitu kidogo ila sio kidogo hata kidogo, kwa sababu mimi na wewe hatupigi kura ya meya, wanaomchagua meya ni madiwani wenyewe wakishaapishwa wanakaa wanapigiana kura. Kwa hiyo ukinipendekezea diwani umenipendekezea na kura moja ya umeya. Sasa ukinichanganyia wa Kirumba na wa Butimba kwenye kapu moja nitajuaje nani atakaa meza moja na nani? Na katika kurasa zote tatu hakuna mgombea hata mmoja aliyeulizwa atamuunga mkono mtu wa namna gani kwenye umeya. Meya sio mtu wa kukata utepe tu, ndo anaongoza vikao, na ni kiti cha kupandia pia, mheshimiwa Stanslaus Mabula alikuwa meya hapa kabla hajawa mbunge wa Nyamagana 2015. Hilo swali lilipaswa kuwa la kwanza.

La pili ndo limeniuma zaidi. Karibu kila anayependekezwa sababu ni zile zile, mchapakazi, mtu wa watu, ana maono, atatuletea maji na lami. Maji na lami! Barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara, maji yako MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, na hao wote hakuna anayeamriwa na diwani. Diwani anaweza kupiga kelele, anaweza kusukuma, sawa, na kelele nazo zinasaidia, lakini hashiki bomba wala greda. Sisi huku juu ziwa tunaliona pale chini limelala linang'aa, na kina mama wanapandisha ndoo kwenye ngazi za mawe kila siku, kwa hiyo mtu akisema maji tunamsikiliza haraka sana, na wagombea wanalijua hilo. Gazeti kazi yake ilikuwa kutuambia ukweli kwamba huyu anakuahidi kitu ambacho hakipo mkononi mwake. Badala yake wameichukua ahadi kama ilivyo wakaifanya sababu ya kumpendekeza.

Halafu yale ambayo diwani anayo kweli mkononi hayamo. Sheria ndogo za jiji zinapita kwao. Bajeti ya halmashauri inapita kwao. Ada ya taka tunayolipa wenye maduka na saluni, na lile gari la taka linapita siku gani, hayo ni mambo ya halmashauri. Wamachinga wa Makoroboi wapangwe wapi, wahamishwe au wabaki. Soko kuu limevunjwa linajengwa upya, siku likiisha vizimba vinagawiwaje, waliokuwepo wanarudi wote au wanaingia watu wapya wenye hela? Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Kuna mama lishe mmoja ananiletea chakula mchana, kikundi chao wameomba huo mkopo wakazungushwa karibu mwaka mzima, mara fomu imekosewa mara kikao hakijakaa, na mpaka leo hajui jina lao lilikwamia kwenye kata au lilikwamia jijini. Yule mama angesoma gazeti akute imeandikwa diwani huyu katika kipindi chake vikundi vya kata yake vilivyopata ni hivi, vilivyokosa ni hivi, angejua Jumatano afanye nini na karatasi yake. Amelisoma lote wakati anasubiri vyombo, akaniuliza kaka angu mbona la mikopo halimo? Sikuwa na jibu la kumpa.

Na mzee mmoja mteja wangu, Msukuma wa Magu, anakuja kila baada ya wiki mbili kunyoa ndevu, alisoma sehemu ya kata yetu ambako wanampendekeza aliyekuwepo arudi. Akavua miwani akaniambia, "Mwanangu, hawa wanasema tumrudishe. Kule barazani alifanya nini?" Nikamwambia mzee wangu gazeti halijasema. Akalikunja taratibu akaliweka benchi, akasema, "Sasa nimesoma nini?"

Hapo ndo penyewe wakuu. Baraza la madiwani linakaa kila baada ya miezi mitatu na vikao ni vya wazi, mwandishi anaruhusiwa kuingia akakaa akaandika. Miaka mitano ni vikao karibu ishirini vya kawaida. Mi nimekuwa nanunua hili gazeti muda wote huo, na habari za baraza nilizosoma nyingi ni zile za siku madiwani wamegombana au siku mgeni rasmi amekuja, picha kubwa ukurasa wa mbele basi. Nani alihudhuria na nani hakuhudhuria, nani aliuliza kuhusu hoja za CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, nani alikaa kimya miaka mitano akasaini posho, hayo hayajaandikwa. Na huwezi kuyatunga wiki ya mwisho. Ndo maana wamebaki na mchapakazi na mtu wa watu, hawakuwa na kingine ghalani. Mapendekezo ya Oktoba yanatakiwa kuanza kuandikwa siku madiwani wanaapishwa, kikao kwa kikao, daftari linajaa, sio wiki moja kabla unampigia simu mgombea anakwambia sifa zake mwenyewe.

Kuna kijana anasoma mambo ya habari pale chuo kikuu cha SAUT huja kunyoa kwangu, nikamwonyesha, akaniambia Marekani magazeti yana mazoea hayo miaka mingi, New York Times lilimpendekeza Lincoln awe rais mwaka 1860 huko. Na Januari mwaka huu wa 2020 hilo hilo gazeti lilipopendekeza wagombea urais wa chama cha Democratic waliwaita mmoja mmoja wakawahoji, halafu mahojiano yote wakayaweka hadharani neno kwa neno, watu wasome wenyewe, na mwisho wakachagua wawili badala ya mmoja, Warren na Klobuchar, na watu wakawasema sana kwa hilo. Nilichopenda mimi ni kwamba waliowasema walikuwa na cha kushika, wameona maswali, wameona majibu, wanasema hapa mmekosea. Sisi hapa hata kukosoa unashindwa vizuri maana hujui wametumia kipimo gani. Nani alikaa kuamua? Walikuwa watu wangapi? Wagombea wote waliulizwa maswali sawa au wengine hawakupigiwa hata simu? Hata mstari mmoja wa kueleza hakuna.

Na hapa niseme jambo ambalo nimelifikiria siku mbili kabla sijaandika. Ukurasa wa kati kuna tangazo zima la rangi la mgombea mmoja, picha, nembo ya chama, kila kitu. Geuza karatasi, mgombea huyo huyo amependekezwa na maelezo yake ndo marefu kuliko ya wote. Sisemi wamelipwa kumpendekeza, sina ushahidi na sitaki kumsingizia mtu. Gazeti linaishi kwa matangazo naelewa, bei ya karatasi naijua kidogo maana ndugu yangu yuko kwenye uchapaji. Ila walipaswa kuandika pale pale kwamba huyu ametangaza kwetu na maamuzi yamefanywa na watu wengine. Saluni kwangu vijana waliliona hilo ndani ya dakika mbili, wakacheka, na kuanzia hapo orodha nzima ikawa haina thamani tena kwao, hata zile sehemu zilizoandikwa vizuri. Hilo limenisikitisha kuliko makosa mengine yote.

Kata za pembeni sasa. Za katikati ya mji, Pamba, Nyamagana, Isamilo, zimepewa aya ndefu ndefu. Ukifika Lwanhima, Luchelele, Kishili, ni sentensi moja, na kuna kata hazimo kabisa. Kule ndo viwanja vinapimwa na kuuzwa, kule ndo watu wanajenga kila siku, kule ndo kuna zahanati na madarasa ya kumalizia, yaani diwani wa kule maamuzi yake yanaonekana kwa macho kuliko wa mjini. Kama hujafika kata fulani andika hatujafika, msomaji atakuelewa, ila usimpendekeze mtu kwa sentensi moja kana kwamba umemchunguza.

Wanawake wanaogombea kata, sio viti maalum, wametajwa wachache sana na mmoja wamemsifia kwa upole wake. Upole! Wanaume hakuna aliyepimwa upole.

Haya nyota zao mbili. Moja ni ya kuthubutu, nimeshasema, kwa hali ilivyo kusimama na kuandika huyu hapana kunataka moyo, na kuna wagombea wawili wamewakataa wazi bila kujali chama. Naheshimu sana hilo.

Ya pili ni ya Mto Mirongo. Kuna kisanduku kidogo chini ya ukurasa wa tatu, ukisoma haraka unakiruka. Wamewachukua wagombea wa kata ambazo mto unapita, wakawauliza wote swali moja, taka zinazotupwa mtoni na kuishia ziwani utafanyaje na hela itatoka wapi, wakaweka majibu pembeni kwa pembeni kama yalivyo. Mmoja kasema ataomba wafadhili. Mmoja kasema ada ya taka iongezwe, na kaeleza kwa nini. Mmoja alijibu vitu ambavyo havihusiani kabisa na swali, nao wakaviweka hivyo hivyo. Hakuna mchapakazi pale wala mtu wa watu. Pale saluni kile kisanduku ndo kilileta ubishi wa maana, watu wanajua mvua ikinyesha Mabatini inakuwaje, wamebishana saa nzima kama ada iongezwe au isiongezwe, mteja mmoja nimemaliza kumnyoa hajaondoka. Yule mwandishi aliyefanya kile kisanduku wampe kurasa zote tatu. Kata 18 kwa maswali matano, taka, machinga, vizimba, mikopo, umeya, majibu pembeni kwa pembeni, na wasipotaka hata kupendekeza mtu mwishoni mimi nitanunua nakala mbili.

Na wasidhani watu watachukua orodha wakaenda nayo kituoni. Hii Mwanza 2010 ilimwangusha mbunge Masha akiwa waziri wa mambo ya ndani, Wenje wa CHADEMA akachukua Nyamagana, na Ilemela nayo ikaenda upinzani, miaka mitano baadaye majimbo yote yakarudi CCM. Watu wa hapa wanapima wenyewe. Wanachokosa ni habari za kupimia, na hizo anayeweza kuzipata ni mwandishi mwenye kitambulisho cha kuingilia kikaoni, sio kinyozi.

Kama bado hujanunua, nunua, ila anzia ukurasa wa tatu chini kulia. Mi kile kisanduku nimekikata kwa wembe nimekibandika kwenye kioo, na yule mzee wa Magu kaniomba nimsomee tena Jumanne jioni akija, maana Jumatano anapanga kuwahi foleni.