"Inaingia, Kaka": Laki Nane kwa Neno Moja

Duka silitaji. Ni moja ya yale ya Kariakoo, ghorofa ya kwanza, yenye ngazi nyembamba kiasi kwamba anayepanda akikutana na anayeshuka, mmoja sharti ajibane ukutani. Wanaolijua wameshalijua. Kampuni iliyotengeneza lenzi ya kamera niliyonunua hapo, ambayo si Sony waliotengeneza kamera yangu, nayo siitaji, kwa sababu haina kosa, na kadiri ninavyozidi kuandika ndivyo ninavyozidi kuona haina kosa, jambo ambalo linaniudhi, maana nilikaa chini nikiwa na hamu ya kumchamba mtu.

Ilikuwa kabla ya Kwaresma, mwaka jana au mwaka juzi, kile kipindi ambacho harusi zinabanana kana kwamba ndoa zinapigwa marufuku kesho. Natumia kamera ya Sony A7 III. Nilikuwa na lenzi moja ya kutegemea, ya milimita 28-75, na kumbi zetu za Sinza na Tabata mnazijua: spika hapa, MC pale, kamati imepanga meza hadi mlangoni. Ukirudi nyuma hatua mbili umekalia sahani ya mjomba wa mtu. Nikataka lenzi pana. Milimita 16 (namba ikipungua, upana unaongezeka), inayofunguka sana, kwa sababu wapambaji siku hizi wanawasha taa za zambarau na kuzima nyingine zote.

Kijana wa kaunta alikuwa na spika moja ya sikioni, anaongea na mtu mwingine huku ananihudumia. Nikamkabidhi bodi yangu, yaani kamera bila lenzi, nikauliza, "Inaingia kwenye hii?" Akaipachika mwenyewe. Klak. "Inaingia, kaka." Nikapiga picha mbili za feni ya darini, nikatazama kwenye kioo, safi kabisa. Nikalipa laki nane. Risiti nikapewa, chini yake maandishi yale yale: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikashuka ngazi nikijiona mjanja.

Jumamosi yake nikaenda nayo kwenye sendofu. Kitu cha kwanza nilichokihisi, sikukipa uzito: ukumbi haukujaa kwenye picha nilivyotarajia. Nikasema labda ukumbi ni mkubwa. (Haukuwa mkubwa.) Nikapiga usiku kucha. Ndafu imeingia na majani mdomoni, mashangazi wamecheza, ukoo mzima umepangwa mbele ya jukwaa, na bibi wa binti, aliyeletwa kutoka Rombo na ambaye hapendi kabisa safari za mjini, ameketishwa kwenye kiti cha pembeni kushoto.

Nyumbani saa tisa usiku nafungua mafaili, natazama ukubwa kwa pikseli. 3936 kwa 2624. Nikafungua jingine. 3936 kwa 2624. Hii kamera inatoa 6000 kwa 4000, mimi naijua kama ninavyojua namba ya nyumba yangu. Megapikseli 24 zimekuwa 10 na kidogo. Nikadhani kadi imeharibika. Nikadhani nimegusa kitufe. Mke wangu akauliza kutoka chumbani kama kuna msiba.

Sasa nieleze kwa nini mtu mwenye miaka kadhaa kwenye kazi hii aliingia mkenge, na mkinicheka mcheke kwa haki. Mimi nimekulia kwenye Canon. Nilianza na 60D, nikajikusuru nikahamia 6D, ambayo ni fulufremu, yaani sensa yake (kile kipande cha ndani kinachonasa nuru) ni kubwa, na siku ya kwanza nikataka kuipachika ile lenzi yangu ya zamani ya 18-55, ya EF-S, yaani za Canon za sensa ndogo. Ikagoma. Lenzi za EF-S zimechomoza kidogo kwa nyuma na zina alama ya mraba mweupe badala ya nukta nyekundu, hivyo bodi ya fulufremu haizipokei. Nilikasirika siku ile, lakini nikatoka na kanuni kichwani: isiyofaa haiingii. Kanuni hiyo nikahama nayo kwenda Sony kama mtu anayehama nyumba na paka wake.

Sony hawakujenga hivyo. Mdomo wa E (pale lenzi inapopachikwa) walioutoa mwaka 2010 kwenye kamera ndogo za NEX ndio huo huo walioupachika mwaka 2013 kwenye A7 ya kwanza, ambayo ni fulufremu. Lenzi ndogo na lenzi kubwa zinapita mlango mmoja. Sensa ya kamera (si ile ya watu na makazi) ya fulufremu ni kama milimita 36 kwa 24. Ile ndogo, ya APS-C, ni takriban 23.5 kwa 15.6. Lenzi inamwaga duara la nuru, na lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa ndogo, duara lake linatosha sensa ndogo tu. Kwenye kubwa, pembe zinabaki gizani.

Mbona mimi sikuona pembe nyeusi? Kwa sababu kamera yangu ilinisitiri. Kwenye menyu kuna sehemu imeandikwa APS-C/Super 35mm, na yangu ilikuwa kwenye Auto. Lenzi ikajitambulisha kuwa ni ya sensa ndogo, kamera ikakata kingo kimya kimya, ikaninyooshea picha safi ya feni. Ile milimita 16 ikawa inaona kama 24. Kuna kialama kinatokea kwenye kioo. Kiliwaka usiku kucha. Sikukitazama, nilikuwa namtazama bi harusi mtarajiwa, kazi niliyolipwa kuifanya.

Jumatatu nikarudi dukani. Hapa ndipo penye uchungu, hayo mengine yote ningeyameza.

Nimempa salamu vizuri. Nimemweleza taratibu: hii ni ya sensa ndogo, mimi ni wa fulufremu, naomba nibadilishe, nitaongeza hela. Akatoa ile spika sikioni, mara ya kwanza, na akasema kwa sauti ya kutosheleza ghorofa nzima: "Kaka, wewe uliuliza inaingia. Mimi nikakwambia inaingia. Kwani imekataa kuingia?"

Watu wakacheka. Kulikuwa na mama mmoja ananunua taa za kupigia video za simu, alicheka hadi akashika kaunta. Nami nikabaki na mdomo wazi, kwa sababu, jamani, hakusema uongo. Nimewahi kutapeliwa mara nyingi maishani, sijawahi kutapeliwa kwa ukweli. Nikasema, "Si ungeniambia?" Akasema, "Ningejuaje kama hujui? Kamera ni yako." Akarudisha spika sikioni.

Kwa hiyo duka: nyota moja. Hiyo moja ni ya ngazi, maana nilishuka salama.

Mama wa binti akaja kuchagua picha ya kukuza kwa ajili ya sebuleni. Akachagua ile ya ukoo, halafu akasema anataka na ya bibi peke yake, "mtoe humo humo umsogeze katikati". Kwenye megapikseli 10, uso wa bibi ulikuwa kama ukucha. Nilimtoa. Nilimsafisha kwa programu hadi akaonekana amepakwa nta. Hata megapikseli 24 zisingefanya muujiza, nakubali, lakini zingenipa zaidi ya mara mbili ya nilichokuwa nacho, na bibi wa watu angebaki na makunyanzi yake. Mama alinyamaza, akalipa. Afadhali angelalamika.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kusoma maandishi madogo kwenye ubavu wa lenzi kama mtu asomaye dawa. Na kumbe imeandikwa! Sigma, watengenezaji wa lenzi, wanaandika DG kwa fulufremu na DC kwa sensa ndogo. Ile DN inayofuata haikuambii ukubwa, inakuambia tu ni ya kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Tamron ndio wametega zaidi: Di III ni fulufremu, Di III-A ni ndogo. Herufi moja tu, mtu mwenye haraka anaiona ni mkwaruzo. Sony wenyewe ni FE dhidi ya E. Yangu nayo ilikuwa imeandikwa, ubavuni, kwa weupe, na nilikuwa nimeishika mkononi wakati naulizia. Hapo ndipo hasira inapogeuka inanitazama mimi.

Walio kwenye Canon R msinicheke bado. Kwa RF, mdomo wa kamera hizo ulioanza 2018, Canon walibana sana lenzi za kampuni nyingine zenye fokasi ya kujiendesha. Viltrox, kampuni mojawapo, waliacha kuziuza mwaka 2022. Mwaka 2024 Sigma na Tamron wakatangaza za RF kwa kibali, watu wakashangilia, lakini zilizotangazwa zilikuwa za sensa ndogo. Mwenye R6, ambayo ni fulufremu, akisikia "Sigma ya RF imetoka" akakimbilia dukani na swali langu lile lile, atajibiwa jibu langu lile lile, na megapikseli zake 20 zitabaki hazifiki 8.

Kwa hiyo ukiwa dukani nenda kwenye menyu uzime ile Auto, iwe Off. Piga ukuta mweupe, lenzi ikiwa imefunguliwa mwisho. Zikitokea pembe nyeusi, shukuru, shuka ngazi. Halafu hata kama pembe ni safi, angalia upana wa faili kwa namba, usiamini macho, macho yangu mimi yaliridhika na feni. Fokasi ijaribu kwa uso wa mtu, gizani, si kwenye boksi lililo juu ya kaunta. Na swali lako lisiwe na neno "ingia" popote. Muulize, "Inajaza sensa nzima?" Akianza kutafuta mwenzake wa kumuuliza, umeshapata jibu.

Nilitaka kuishia hapo, nikiwaambia msinunue lenzi za kampuni nyingine. Lakini sitakuwa mkweli. Ile 28-75 inayonilisha ni Tamron, imepiga harusi nisizozihesabu, haijawahi kuniangusha. Na hii ya 16 yenyewe… Ilikaa kabatini miezi, sitaki hata kuiona. Siku moja nimekosa namna, nikaipachika kupiga video ya kicheni pati. Video ya 4K inahitaji upana wa pikseli 3840. Kamera ikikata, inabakiza 3936. Inatosha! Kwa video bado napata 4K yangu. Fokasi inateleza bila kelele, zambarau ya mapambo inatoka kama zambarau, na ni nyepesi, mkono hauchoki hadi keki inakatwa. Lenzi nzuri. Nyota nne. Nne na nusu kama ningekuwa sijalipa laki nane mbele ya yule mama anayecheka.

Kuna mwenzangu wa Mwenge mwenye A6400, sensa ndogo, anaitaka. Kwake ingekaa kama imezaliwa pale. Amefika laki sita na nusu, na wiki iliyopita nilishamwambia aje na hela. Jana usiku nimekata klipu ya shangazi mmoja anaserebuka na sinia la zawadi kichwani, macho yake yapo kali mwanzo hadi mwisho, nyuma yake taa zimeyeyuka vizuri. Nimemtumia ujumbe asubiri kwanza.

Lile duka bado simpeleki mtu.