CZ 457 ya .22: uzoefu wangu wa shabaha baada ya kuanza na kaliba kubwa

Huu ni mwaka wa tatu natumia CZ 457 Varmint ya kaliba ya .22 LR. Kwa hesabu ya daftari langu imeshapiga risasi zaidi ya 6,000, zote kwenye karatasi na vibao vya chuma, katika uwanja wa shabaha ulio nje kidogo ya Houston, Texas. Siwindi, na sina bunduki nyingine. Naandika kwa ajili ya Mswahili aliye Marekani anayetaka kuingia kwenye mchezo huu na ameshaanza kuulizia bei, maana mimi niliingia kwa mlango usio wenyewe, na kutoka kulinichukua karibu mwaka.

Nilipita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa, Tanzania) kwa mujibu wa sheria nilipomaliza kidato cha sita. Kule tulilenga shabaha kwa bunduki ya kijeshi tunayoiita SMG, risasi za kuhesabu, afande kasimama mgongoni, na karatasi yangu ilitoka vizuri. Kwa hiyo miaka ilipopita nikaingia dukani hapa Texas, sikutaka hata kuonyeshwa .22. Niliiona ya kupigia njiwa. Rafiki niliyekwenda naye akasema, "Kaka, ukinunua nunua kitu cha maana, ufunge mjadala." Nikatoka na bunduki ya .308 Winchester.

Si kaliba mbaya. Iko sokoni tangu 1952 na watu wanaipenda kwa haki. Kichwa cha risasi nilizokuwa nikitumia kina greni 168, karibu gramu 11, na kinaweza kwenda mbali kuliko macho yangu yanavyofika. Ila uwanja wangu unaishia yadi 100. Na kila nilipofyatua, zaidi ya dola moja ilikuwa imeondoka. Boksi mbili za risasi 20 zilikula kama dola 50, na nusu saa baadaye nilikuwa nafunga mizigo, bega linawaka. Risasi tatu za mwanzo zilikuwa zikikaa pamoja. Kuanzia ya nne zilitawanyika, nyingi zikishuka chini. Nililaumu darubini, nikanunua nyingine. Nikalaumu risasi, nikabadilisha. Pesa zinakwenda, karatasi ni ile ile.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Tanga, mwanajeshi mstaafu anayeishi huku kwa wanawe, tuliyekutana hapo hapo uwanjani. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, akakaa pembeni akinitazama nikipiga risasi kumi bila kusema neno. Kisha akaomba nimpe magazini. Akanigeuzia mgongo, akapakia risasi zangu tatu na kati yake akatia mbili bandia, zile za plastiki zisizo na baruti. Akanirudishia. "Piga kama ulivyokuwa ukipiga."

Ya kwanza ililia. Ya pili nikavuta kifyatulio, pakasikika "tak" tu, na mdomo wa mtutu ukainama kama mtu aliyepigwa kisogoni. Niliuona kwa macho yangu mwenyewe. Hakukuwa na mlipuko wala teke la bunduki, lakini mwili wangu ulikuwa umeshajikaza na kuusukuma mtutu chini kabla ya wakati. Mzee akasema, "Mwanangu, bunduki haijaita, wewe umeshaitika."

Ugonjwa huo unawapata wengi wanaoanza na kaliba kubwa. Mwili unajifunza kuogopa kishindo, na ukishajifunza hauulizi ruhusa. Dawa yake ni kupiga risasi nyingi sana za bunduki isiyoumiza, mpaka kidole kisahau. Kwa bei ya .308 dawa hiyo ilikuwa nje ya uwezo wangu. Niliiuza kwa hasara ya dola zaidi ya 200, na wiki mbili baadaye nikanunua hii ya .22.

Niiseme kidogo risasi yenyewe, kwa sababu tunaidharau bila kuijua. Imekuwapo tangu 1887. Haina kiwashio katikati ya kitako kama risasi nyingine. Kemikali ya kuwasha iko ndani ya ukingo, na sindano ya bunduki inaubonyeza ukingo huo. Kichwa ni cha madini laini ya risasi, greni 40, yaani gramu 2.6, na kipenyo chake ni milimita 5.6 hivi. Hii ndiyo kaliba inayotumika kwenye Olimpiki katika shabaha ya mita 50, na kule duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu. Anayeiita ya watoto apewe karatasi hiyo ajaribu.

Sasa bunduki. CZ 457 inatengenezwa Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki. Hii ya Varmint ina mtutu mnene wa inchi 20.5 na kitako cha mti wa jozi, na magazini yake inachukua risasi tano. Ni ya bolti: unapiga moja, unanyanyua mkono wa bolti, unavuta, ganda linaruka, unasukuma nyingine. Bolti inanyanyuka nyuzi 60 tu, kwa hiyo mkono haugongani na darubini hata ukiwa umeifunga chini kabisa. Kwangu mimi bolti ni nusu ya faida. Kati ya risasi moja na nyingine unalazimika kuvuta pumzi na kupanga shavu upya, na haraka inakufa yenyewe.

Kifyatulio ndicho kilichonifanya niipende. Kinarekebishika, uzito wake na hata umbali kinaosafiri, na kinakatika ghafla kama unavyovunja kijiti kikavu. Kwenye ile .308 nilikuwa nakivuta mpaka nachoka kungoja. Sefti iko nyuma ya bolti upande wa kulia. Mbele ni kupiga, nyuma ni kufunga.

Mambo mawili ya kujua kabla hujalipa. La kwanza, haina nyenzo za kulengea, kwa hiyo bajeti ya darubini iwe mkononi siku hiyo hiyo. La pili, reli yake ya juu ni ya milimita 11, si ile pana iliyozoeleka kwenye bunduki kubwa. Mimi nilikuwa na pete za kufungia darubini za ile .308, nikadhani zitaingia. Hazikuingia, na Jumamosi yangu ya kwanza iliishia mezani nyumbani. Na darubini iwe ya .22, iliyorekebishwa kwa yadi 50, au yenye kirekebishi cha umbali pembeni. Darubini iliyopangwa kwa yadi 100 na zaidi, ukiitumia karibu, ule msalaba unaonekana kuhama ukisogeza jicho, na risasi inafuata kosa hilo.

Kuhusu risasi za kununua ningeweza kuandika siku nzima. Kila mtutu wa .22 una chakula chake. Nilinunua aina sita, boksi moja moja, nikapiga makundi matano ya risasi tano kwa kila aina, yadi 50, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga. Zile za bei ya chini za boksi la 500 zilitawanyika hadi upana wa inchi mbili, na mara mbili nilivuta kifyatulio risasi isilie. CCI Standard Velocity ziliingia chini ya sarafu ya robo dola. SK Standard Plus ziliungana zikawa tundu moja lenye kingo za kuchanika, kama milimita 14. Ni bunduki ile ile, asubuhi ile ile. Tangu hapo mazoezi napiga CCI, kama senti 12 kila moja, na SK naziweka kwa siku za alama. Ukibadilisha aina, usihukumu risasi kumi za mwanzo. Mtutu unahitaji kupakwa mafuta ya risasi hiyo mpya kwanza.

Chagua zenye mwendo wa kawaida, si zile zinazoandikwa kasi kubwa. Hizi za kawaida zinatoka chini kidogo ya mwendo wa sauti na zinabaki huko. Zile za kasi zinatoka juu yake, kisha zinashuka zikiwa njiani na kuyumba mahali pabaya kabisa, kabla hazijafika yadi 100.

Na kwa yadi 100 ndipo hii kaliba ndogo inapokuwa mwalimu. Ukiwa umeipanga ipige sawa kwenye yadi 50, kwa 100 inashuka kama sentimita 17. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa unaisogeza hadi inchi 4. Kwa .308 umbali huo upepo sikuuona kabisa, nilikuwa kama mtu anayevuka mto kwa daraja. Kwa .22 nimejifunza kutazama majani yanavyolala na kitambaa nilichofunga kwenye kigingi, na kungoja. Mtu akiniambia .22 imeishiwa mambo kwa sababu uwanja wake una yadi 100 tu, naamini hajaipiga siku ya upepo.

Wengine wataniuliza kuhusu Ruger 10/22. Ni bunduki nzuri ya .22, iko tangu 1964, magazini yake ya kuzunguka inabeba risasi kumi na vipuri viko kila duka. Inajipakia yenyewe, na hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana: nilipoiazima nilimaliza magazini kabla sijajua nimekosea wapi. Kwa anayetaka kuangusha makopo na familia Jumapili, achukue hiyo bila kufikiri sana. Kama uwanja wako una yadi 200 au 300, .223 Remington ndiyo hatua inayofuata. Haimpigi mtu bega, na risasi zake ni kama nusu ya bei ya .308. Uliza tu msokoto wa mtutu, yaani mifereji ya ndani inazunguka mara moja kila inchi ngapi: 1:8 inabeba vichwa vyepesi na vizito, 1:12 ya zamani haivitulizi vizito. Na 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007, ni ya mtu mwenye uwanja wa yadi 600 hadi 1,000 karibu na kwake. Anza kwa kuuliza uwanja unaishia wapi, halafu ndiyo ufikirie kaliba.

Ndugu zangu, kuhusu sheria tusifanye mchezo. Dukani utajaza fomu namba 4473 ya ATF, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia silaha, na duka litauliza jina lako kwenye mfumo wa FBI. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, mimi nilinunua nikiwa nayo. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika ya rafiki uwanjani, isipokuwa awe ndani ya nafasi chache zilizotajwa na sheria, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai, na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha mtu nchini hata akiwa na kadi ya kijani. Usimnunulie mtu asiyeruhusiwa, hata awe shemeji. Ukiwa na shaka, lipa mwanasheria wa uhamiaji saa moja. Ni nafuu kuliko bunduki yenyewe.

Uwanjani, amri ya kusimamisha ikitolewa, bolti wazi, magazini nje, kibendera cha rangi kwenye chemba, rudi nyuma ya mstari na usiguse chochote hata kofia yako ikianguka juu ya meza. Vaa vifunika masikio hata kwa .22, na miwani. Jambo ambalo dukani hawakuniambia ni vumbi la madini ya risasi, ambalo ni sumu. Linakaa mikononi na kwenye nguo. Mimi nina binti wa miaka minne anayekimbilia mlangoni nikirudi. Sasa mama yake anamshika kwanza. Nanawa kwa sabuni na maji baridi mpaka viwiko, nabadilisha shati na viatu garini, ndipo nambeba. Bunduki inaingia kwenye kabati la chuma, risasi kwenye kabati jingine, na funguo hazikai pamoja.

Mazoezi yaliyonisaidia kuliko video zote ni ya Project Appleseed. Ni siku mbili uwanjani, mita 25, na wengi wanakuja na .22. Wanakufundisha kulala, kukaa na kusimama, namna ya kuufunga mkanda kwenye mkono ili mifupa ibebe bunduki badala ya misuli, na kusogeza mwili mzima badala ya kulazimisha mikono. Mtihani wao una alama 250, na ukifika 210 unapewa beji. Mara ya kwanza nilipata 161. Mwaka jana 188. Masika haya 203, na nyingi zilizonipotea zilikuwa za kusimama.

Mzee wa Tanga bado ananitilia risasi bandia kwenye magazini bila kuniambia. Jumamosi iliyopita alitia tatu. Kwenye mbili mtutu ulitulia tuli, kwenye ya tatu ukacheza kidogo, akaniandikia kwenye daftari kwa mkono wake: "Ya tatu, upepo ulikuwa umetulia, ukaharakisha." Oktoba narudi Appleseed.