Klachi ya Corolla 110: Usishushe Giaboksi Kabla Hujatazama Hapa

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo nina hasira, na hasira yenyewe nimeishika hapa mkononi. Mnaiona hii raba ya ndani ya silinda ya chini ya klachi? Tazameni ukingo wake, umekatika kipande kama ukucha wa mtoto. Kwa ajili ya raba hii mwaka jana nilifungiwa klachi seti nzima: pleti (ile sahani inayoshika), presha pleti inayoibana, na bearingi. Giaboksi ikashushwa, pesa nikalipa, na kesho yake rivasi ikalia krrr vilevile.

Gari ni Corolla 110 manyuo, injini 5A. Sina haja ya kuielezea, mnaijua. Leo ni klachi tu, na kusema kweli naipenda. Ni ya mafuta, siyo ya waya kama Suzuki Samurai. Pedali laini, hata foleni ya Ubungo mguu hauchoki. Lakini ikianza kusumbua, mafundi wengi wanakimbilia kusema pleti imeisha.

Kuna kuteleza na kuna kutokata, msichanganye. Kuteleza: resi inapanda, gari haiendi. Panda mlima Kitonga na mzigo utaijua, na harufu ya kuungua utaisikia. Hapo pleti imeisha, au oili ya injini imevuja sili ya nyuma ikailowanisha. Kutokata: umekanyaga mpaka chini, gia bado zinagoma, na rivasi ndiyo inalia.

Tuanze na kuteleza. Tambarare, mbele hakuna mtu, hendibreki juu kabisa. Gia ya 4, resi kidogo, naachia klachi taratibu... Imezimika! Safi, pleti inashika. Ingekuwa inaendelea kuunguruma huku gari imesimama, basi pleti kwisha. Fanyeni mara moja tu, ukirudiarudia unaiunguza mwenyewe.

Sasa hapa ndipo nataka mkae na mimi. Kamera njoo huku chini, ubavuni mwa giaboksi. Hii ni silinda ya chini ya klachi. Hii fimbo inayotokeza inasukuma uma, uma unasukuma bearingi. Mdogo wangu, kanyaga!

"Nimekanyaga, kaka."

Mpaka chini?

"Mpaka chini."

Ona fimbo. Imesogea kidogo sana, na sasa inarudi polepole wakati mguu wake bado uko chini! Achia. Pampu haraka haraka, mara tano, kisha shikilia. Mmeona? Imetoka zaidi. Klachi ikipata nguvu kwa kupampu, shida iko kwenye mafuta, iwe yanavuja au yameingia upepo. Sasa navuta raba ya vumbi hapa mwisho... Haya, kidole kimelowa. Mafuta ya breki haya. Dakika mbili, na giaboksi haijaguswa! Pangekuwa pakavu na kopo la mafuta ya klachi halipungui, ningehamia masta ya juu, kule kwenye pedali.

Na hilo kopo, ongezeni mafuta ya breki ya DOT 3. Msimimine oili ya injini, raba zinavimba zote.

Kuhusu bei. Raba za ndani nimezipata Kariakoo kwa 12,000. Seti ya mwaka jana ilinikata 280,000, bila ufundi. Ilikuwa ya kampuni ya Exedy, nzuri, mpaka leo inashika, siigombezi, ila haikuwa dawa ya ugonjwa huu. Kwenye video za nyuma nilisema badilisheni raba tu, inatosha. Leo nimefungua silinda nimekuta kutu kwenye ukuta wake wa ndani, na kutu itaikata raba mpya pia. Kwa hiyo nabadili kauli: ukikuta kutu, nunua silinda nzima. Mimi nimenunua.

Wale mlioniuliza kuhusu kelele za klachi: ikija ukikanyaga, ni bearingi ya klachi. Ikija ukiachia na kupotea ukikanyaga, tazameni bearingi ya shafti ndani ya giaboksi. Na zile giaboksi otomatiki za CVT mlizoniomba ni wiki ijayo, wenye Nissan kaeni tayari.

Silinda mpya imeshafungwa. Tumetoa upepo: yeye anakanyaga, mimi nafungua nati ya kutolea upepo, nafunga, ndipo anaachia, mpaka mapovu yakaisha. Mdogo wangu, washa. Kanyaga. Hesabu mpaka tatu, weka rivasi.

"Imeingia, kaka."

Bila kelele! Haya, rudi nyuma taratibu, kuna ndoo hapo.